Ukungu Unaoua Dudu la Mingazi

Baba na mama wa Kasindi, mimi ni kijana, wala sikuja kuwafundisha kupanda mingazi; ninyi mliipanda kabla sijazaliwa. Nimekuja kwa habari ya dudu lenye pembe, lile jeusi, nene kama kidole gumba.

Usiku linaruka, linatoboa moyo wa mngazi. Majani mapya yakifunguka, mtayaona yamekatwa kama kwa makasi. Mti mchanga ukitobolewa moyoni, hufa. Mkubwa huweza kupona, lakini tundu lile ni mlango: dudu la pili, lenye mdomo mrefu, huingia hapo kutaga mayai, na funza wake (wengi wenu mnawakaanga) hula shina toka ndani. Hapo hakuna mawese tena, wala pesa za masomo ya watoto.

Basi msitazame juu tu. Watoto wa dudu lenye pembe wamo chini, katika mashina ya mingazi iliyoanguka na kuoza. Juma lililopita nilipasua shina moja katika shamba la mzee mmoja, njia ya Mutwanga. Nilihesabu funza 19: wazima 15, na wanne wagumu kama vijiti, wamevikwa unga wa kijani. Mzee alitaka kuwatupa motoni wote. Nikamshika mkono, nikasema, “Hapana baba, hawa wanne tuwaweke.”

Unga ule ni kuvu, ndugu ya ukungu unaoota juu ya mihogo. Wataalamu huiita metarizi. Mwaka 1879, katika mji wa Odessa, Metchnikoff aliijaribu juu ya madudu yaliyokula ngano. Haiingii kwa kinywa. Unga hunasa juu ya ngozi ya funza, huota, hutoboa, hula ndani. Baada ya siku kadhaa, au majuma mawili matatu, funza hufa. Hugeuka mweupe, kisha kijani, na unga wake huwapata wenzake.

Fanyeni hivi. Chimbeni shimo kivulini, kwa maana jua la bonde la Semliki ni kali, nalo huua kuvu. Jazeni vipande vya shina lililooza na samadi, changanyeni funza wa kijani waliopondwa, mwagieni maji, funikeni kwa majani. Msivute vumbi lake puani, na funza wa kijani asiliwe. Dudu jike litakuja lenyewe kutaga humo.

Lakini lifungueni shimo kila mwezi! Mkiona funza wazima tu, basi mmelilea dudu: wapeni kuku wote, mchome takataka. Mashina mengine yaliyooza pasueni, mchome. Na dudu lililo ndani ya mti mzima litoeni kwa waya wenye ncha iliyopindwa. Kuvu peke yake haitoshi.

Jumatatu ninapita Lubiriha. Mwenye shina lililooza aniite kabla hajalitia moto.