Jivu la Iceland, Mawaridi ya Naivasha

Msikilizaji, Aprili 2010 juu ya Naivasha hapakuwa na hata punje ya jivu. Mawaridi yalikuwa yamekwisha kukatwa, yamefungwa, yamepangwa kwenye maboksi tayari kwa soko la Uholanzi. Yakakaa. Vyumba vya baridi vikajaa pomoni, maua yakaanza kutupwa, na vibarua wakaambiwa wasubiri nyumbani mpaka waitwe.

Kisa ni mlima wa huko Iceland, Eyjafjallajökull, jina lililotutoa jasho sisi tunaosoma habari. Ulilipuka tarehe 14 chini ya barafu. Miamba iliyoyeyuka ikakutana na maji baridi, ikapasukapasuka ikawa unga, na upepo ukausomba unga huo hadi Ulaya. Katika muda wa wiki moja hivi, safari za ndege zipatazo 100,000 zikafutwa.

Sasa, neno jivu linatuponza. Ukilisikia unawaza jiko la mkaa, kitu cha kupuliza kikapeperuka. Hili ni mawe na vioo vilivyosagwa. Moto wa injini ya ndege unatosha kuviyeyusha. Vikishayeyuka vinaganda kwenye mapanga ya injini na kuiziba pumzi. Na rada ya rubani, iliyozoea kutafuta matone ya mvua, hailing'amui vumbi kavu. Juni 1982, usiku, ndege ya British Airways yenye watu 263 ilipita karibu na Java huku mlima Galunggung ukitema. Injini zote nne zikazimika. Kapteni Eric Moody na wenzake waliporomoka nayo gizani wakijaribu kuziwasha tena na tena, na zilipowaka wakaenda kutua Jakarta, kioo cha mbele kimekwaruzwa hata njia ya kutua haionekani sawasawa.

Kwa hiyo wanaosema Ulaya ilikimbia vumbi, mimi simo. Ninalolalamikia ni jingine. Kanuni ya wakati ule ilikuwa fupi: penye jivu, usipite. Jivu kiasi gani? Hakuna aliyekuwa na jibu. Kipimo kiliwekwa siku ya sita au ya saba, mashirika ya ndege yakiwa yamepiga kelele na hasara imekwisha kuingia. Tangu usiku ule wa Java ilikuwa imepita karibu miaka 28!

Wasafirishaji wetu hawakukaa bure. Baadhi ya maua yalirushwa hadi Uhispania, anga yake ikiwa bado wazi, kisha yakapandishwa malori kuelekea kaskazini. Lakini malori hayo hayakuweza kubeba mavuno yote.

Abiria aliyekwama Ulaya alikuwa na sheria mkononi ya kudai chakula na mahali pa kulala. Kibarua wa Naivasha, anayelipwa kwa siku, alikuwa na daftari la madeni kwa mwenye duka.