Nyang'hwale Ina Ritifaa

Majimbo mapya wasikilizaji wamekwishayasikia. Jumatatu, Mei 12, 2025, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza 8, na matatu kati yake yaliangukia ukanda huu wa Shinyanga na Geita: Itwangi upande wa Shinyanga, Katoro na Chato Kusini upande wa Geita. Baada ya siku hiyo mabishano yakawa nani atagombea wapi. Kituo hiki kina wasiwasi na jambo jingine: majina ya huku yataandikwaje?

Maana majimbo mapya huja na karatasi. Orodha za wapigakura, mabango ya vituo, fomu za matokeo, ramani mpya. Kila karatasi ina mtu wa kuiandika, na Usukumani jina limekuwa mali ya aliyeshika kalamu kwa muda mrefu mno.

Chukua Nyang'hwale, wilaya iliyozaliwa mwaka 2012 pamoja na Mkoa wa Geita. Jina hilo lina ritifaa baada ya ng, halafu lina h. Ni sauti moja ya puani inayotoka na pumzi, na mtoto wa huko huitamka kabla hajaota meno yote. Karatasi moja inaandika Nyanghwale, nyingine Nyang'wale. Ukiiondoa ritifaa, msomaji wa Tanga au Mtwara atasoma ng ya ngoma. Ukiiondoa h, umeondoa pumzi. Anwani ya intaneti haikubali ritifaa, hilo linaeleweka. Kibao cha barabarani kinaikubali. Karatasi inaikubali. Ni aliyeshika kalamu ndiye asiyeikubali.

Mchezo huu haukuanza jana. Speke alipofika ziwani Agosti 1858 aliandika Muanza. Wajerumani wakaja na Muansa yao, Waingereza wakaacha Mwanza, na Msukuma akiwa nyumbani kwake bado anasema Ng'wanza. Hata cheo cha ntemi, mtawala wa jadi wa Kisukuma, kilipita mikono hiyo hiyo. Mjerumani alimwita sultani, Mwingereza akamwita chifu, Kiswahili kikamwita mtemi. Chifu ni neno lililotosha kumtaja kiongozi yeyote wa Kiafrika, mkubwa kwa mdogo, na ndiyo maana liliwafaa watawala. Tanganyika ilifuta mamlaka ya machifu mwaka 1963, lakini jina walilopachikwa lilibaki vitabuni.

Kidaha Makwaia, mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1945, alitoka huku Shinyanga. Utemi wake unaandikwa Busiya, unaandikwa Busiha, unaandikwa Usiha. Mwanafunzi wa Kishapu anayetaka kuujua autafute mara tatu, tena awe na bahati ya kufahamu kwamba ni utemi mmoja. Hiyo U ya Usiha, kama ile ya Usukuma na Unyamwezi, ilikuja na lugha ya misafara kutoka pwani. Kwa hiyo lawama si ya Wazungu peke yao. Kiswahili nacho kina deni hapa, na kituo hiki kinachotangaza kwa Kiswahili hakiwezi kulinyamazia.

Yupo pia Ng'wanamalundi, mcheza ngoma na mganga wa zama za Wajerumani ambaye hadi leo hakuna mzee wa Kisukuma asiye na kisa chake. Wengine humwandika Ngwanamalundi, wengine Gwanamalundi, wengi Mwanamalundi. Hii ya mwisho imelitafsiri jina nusu: ng'wana amegeuzwa mwana, malundi yakaachwa kama yalivyo. Mtu hatafsiriwi nusu!

Wapo wasemao haya ni mambo ya wasomi. Waende kwenye dawati la fidia mtaa wowote unaopakana na mgodi. Familia moja ina Ng'wandu kwenye cheti cha ubatizo, Ngwandu kwenye kadi ya kliniki na Mwandu kwenye kitambulisho. Baba, mtoto na mjukuu wanaonekana watu wa koo tatu, na kila tofauti inadai kiapo kwa mwanasheria, na kila kiapo kinadai pesa. Kosa la aliyeshika kalamu linalipwa na aliyeandikwa.

Wageni nao wanasoma. Bulyanhulu, mgodi ulioanza kuzalisha mwaka 2001, jina lake linatajwa hadi Toronto yaliko makao ya kampuni ya madini ya Barrick. Huko nani atamweleza mtu kwamba h ile si pambo, na kwamba Ulyankulu ya Tabora ni mahali pengine kabisa?

Inawezekana kurekebisha. Mwaka 2010 serikali ya Ukraine iliweka kanuni za kuandika majina ya nchi hiyo kwa herufi za Kilatini. Mwaka 2019 shirika la habari la AP, kisha BBC, waliacha Kiev ya Kirusi wakaanza kuandika Kyiv. Mtawala wao aliyebatizwa mwaka 988 wanataka aitwe Volodymyr, si Vladimir, kwa sababu wanajua tahajia ya jina la mfu huamua nani anamdai kuwa babu. Na Kiswahili chenyewe kilipata sura yake sanifu kwa watu kukaa mezani. Mkutano wa Mombasa mwaka 1928 ndio uliochagua Kiunguja.

Basi na huku watu wakae. Wazee wanaojua matamshi wakae na walimu, na Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) liwepo, na maofisa ardhi wawepo. Mzazi anayesajili mtoto asione haya kumwambia karani: hapana, rudia, weka ritifaa. Karani naye arudie. Walimu wasimsahihishe mtoto anayeandika jina la ukoo wake kama babu anavyolitamka. Kampuni za madini ziulize kabla ya kuchonga kibao. Waandishi wa habari, kituo hiki kikiwa cha kwanza, waache uvivu wa kuiruka ritifaa!

Na madiwani wa Nyang'hwale watakapoketi Kharumwa, makao yao makuu, jina la wilaya yao liwe ajenda. Waliandike kwa herufi zake zote, waligonge muhuri, na nakala iende Tume kabla karatasi za kura zijazo hazijachapwa.