Santuri ya Siku Moja

Ninyi vijana wa bendi ya shule mliokaa kule nyuma,

Nimeombwa niseme juu ya muziki, nami nitasema juu ya siku moja tu: tarehe 11 Februari 1963. Saa nne asubuhi vijana wanne wa Liverpool, The Beatles, waliingia studio za EMI, Abbey Road, London. Walipomaliza, karibu saa tano usiku, walikuwa wamerekodi nyimbo kumi za santuri yao ndefu ya kwanza.

Mtambo wenyewe ulikuwa wa ukanda wenye njia mbili tu: ala njia moja, waimbaji njia ya pili. Kwa hiyo magitaa na ngoma vilipigwa pamoja, na mmoja akiharibu, aghalabu wote walianza upya. (Ninyi leo mwaweza kurudia neno moja peke yake. Bahati yenu!) Waliwezaje? Tangu 1960 walikuwa wamepiga katika vilabu vya Hamburg, Ujerumani, saa nyingi kila usiku. Nyimbo nyingi waliingia nazo zikiwa tayari vidoleni.

George Martin, aliyeongoza kazi, aliuweka "Twist and Shout" mwisho kwa makusudi. John Lennon alikuwa na mafua, na wimbo ule huimbwa kwa kupaza sauti mno. Ungetangulia, koo lingekwisha mapema. Aliuimba. Walipojaribu mara ya pili, sauti haikuwapo tena. Ule wa kwanza, pamoja na mikwaruzo yake, ndio uliotiwa katika santuri iliyotoka tarehe 22 Machi.