Wakulima wa Ayalandi: Kutoka Kugomea Kodi hadi Viwanda vya Siagi



Zitajwapo nchi zilizopata kutawaliwa na Mwingereza, fikira za wengi huelekea Afrika au Bara Hindi. Ni wachache wakumbukao kisiwa cha Ayalandi, kilichotenganishwa na Uingereza na mkono mwembamba wa bahari. Huko ndiko Mwingereza alikojifunzia mapema kazi ya kumwondoa mwenyeji katika ardhi na kumweka mlowezi mahali pake. Habari za kisiwa hicho zawahusu wanaushirika kwa sababu ya pekee: katika miaka ya 1920 na 1921 askari wa Mfalme walichoma moto viwanda vya ushirika vya wakulima. Yafaa kuuliza ni kwa nini himaya kubwa namna ile ilihangaika na kiwanda cha siagi.

Mambo yalianza zamani. Mwaka 1607 wakuu wa jimbo la Ulster, baada ya kushindwa vitani, walikimbilia Ulaya bara. Mfalme James wa Kwanza aliitwaa ardhi yao, na kuanzia mwaka 1609 ikagawiwa walowezi kutoka Uingereza na Scotland. Makampuni ya wafanyabiashara wa London yalipewa fungu lao, na ndiyo maana mji wa Derry ulibandikwa jina la Londonderry mwaka 1613. Wenyeji waliasi mwaka 1641. Mwaka 1649 Oliver Cromwell alishuka na jeshi lake, akafanya mauaji katika miji ya Drogheda na Wexford, na sheria ya mwaka 1652 ikahalalisha unyang'anyi wa mashamba. Hesabu zajieleza zenyewe. Mwaka 1641 Wakatoliki, ambao ndio wenyeji walio wengi, walimiliki karibu asilimia 59 ya ardhi. Mwaka 1688 asilimia 22. Na mwaka 1703 asilimia 14 tu. Mwaka uliofuata Mkatoliki alikatazwa kwa sheria asinunue ardhi, wala asikodi shamba kwa muda uzidio miaka 31.

Basi mkulima akawa mpangaji katika shamba la babu zake. Ngano, ng'ombe na siagi viliuzwa ili kumlipa kabaila kodi yake. Familia ilikula viazi. Ugonjwa ulipoviozesha viazi kuanzia mwaka 1845, watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni moja wakaihama nchi. Katika miaka hiyo hiyo ya njaa, meli ziliendelea kupakia chakula kwenda Uingereza.

Miongoni mwa waliofukuzwa mashambani ni wazazi wa Michael Davitt, wa wilaya ya Mayo. Walihamia Lancashire, na mtoto akaajiriwa katika kiwanda cha pamba. Mwaka 1857, akiwa na umri wa miaka 11, mashine ilimkata mkono wa kuume. Alipokuwa mtu mzima alifungwa miaka saba kwa kuhusika na silaha za waasi. Alipotoka gerezani hakurudia bunduki. Mwaka 1879 aliasisi Chama cha Ardhi, na uenyekiti akapewa Charles Stewart Parnell, mbunge ambaye, ajabu ya mambo, mwenyewe alikuwa kabaila na Mprotestanti.

Silaha ya chama hicho yafahamika ulimwenguni kote, ingawa wengi hawajui ilikotoka. Mwezi Septemba 1880 Parnell aliwaambia wakulima mjini Ennis kwamba mtu yeyote atakayechukua shamba la mwenzake aliyefukuzwa asipigwe wala asiuawe, bali atengwe: njiani, dukani, sokoni, hata kanisani. Haukupita muda, wakulima wa Mayo wakamtenga Kapteni Charles Boycott, wakala wa kabaila mmoja, aliyetaka kuwafukuza wapangaji waliodai kupunguziwa kodi. Vibarua wake waliacha kazi. Mhunzi, dobi na wenye maduka wakakataa kumhudumia. Mavuno yalipoelekea kuozea shambani, walowezi 50 kutoka kaskazini walikuja kumvunia, wakilindwa na askari wapatao 1,000. Inakadiriwa kwamba serikali ilitumia paundi 10,000 kuokoa mazao yasiyozidi thamani ya paundi 500. Kapteni akaihama nchi, na jina lake likabaki katika lugha ya Kiingereza kuwa neno la kususia.

Serikali ilikipiga marufuku Chama cha Ardhi mwezi Oktoba 1881, lakini mwaka huo huo ilikwisha kupitisha sheria ya kuweka mahakama za kukadiria kodi ya haki. Mwaka 1903 ilipitishwa sheria nyingine, ya kuwakopesha wapangaji fedha za kuyanunua mashamba, deni likilipwa kidogo kidogo kwa miaka 68 na nusu. Yaani mkulima alikinunua tena kile alichonyang'anywa babu yake, na mjukuu wake ndiye angemaliza deni.

Hata hivyo, kuwa na shamba ni jambo moja na kuishi kwa shamba ni jingine. Siagi ya Ayalandi ilitengenezwa nyumbani kwa mikono, kila nyumba na namna yake, kisha ikapimwa na mfanyabiashara aliyepanga bei apendavyo. Wakati huo Wadenmark, kwa mashine za kutenga malai na kwa viwanda vya ushirika, walikuwa wakilijaza soko la Uingereza siagi ya namna moja, safi.

Aliyeliona jambo hilo ni Horace Plunkett, mtoto wa kabaila, aliyerejea kutoka Marekani mwaka 1889. Ilimbidi kufanya mikutano 50 kabla chama kimoja hakijaundwa. Walowezi walimwona msaliti wa tabaka lake. Wanasiasa wa upande wa wenyeji wakamshuku kuwa anataka kuwasahaulisha watu kudai uhuru. Katika mji mmoja wakili alisimama na kutangaza kwamba siagi isiyotengenezwa kwa misingi ya uzalendo haitatengenezwa hapo kabisa. Mikutano ya namna hiyo si migeni kwa maafisa wa ushirika popote walipo. Lakini mwaka huo wa 1889 kiwanda cha kwanza kilifunguliwa huko Drumcollogher, wilaya ya Limerick. Mwaka 1894 vyama vilipata jumuiya yao kuu, na kufikia mwaka 1914 vyama vya aina zote vilizidi 1,000.

Udhaifu ulikuwapo. Wanachama wengine walimpelekea mfanyabiashara maziwa pindi alipopandisha bei kwa senti chache, ili akiue chama kisha aishushe. Chama cha Ballymacelligott, wilaya ya Kerry, kiliweka kanuni kwamba mwanachama asiuze maziwa nje ya chama, wala asijitoe bila idhini ya kamati. Mwanachama mmoja akashitaki, na mwaka 1919 mahakama ya juu kabisa mjini London ikaamua kwamba kanuni hiyo yamnyima mtu uhuru wa biashara. Uamuzi huo haukosi hoja, kwani mtu kufungwa na chama maisha yake yote si jambo dogo. Lakini tangu hapo uaminifu wa mwanachama ukawa haushikwi na kanuni, ila na malipo ya haki na daftari lisilo na doa.

Ndipo vita vya uhuru vilipopamba moto. Kila waasi walipomuua askari, vikosi vya serikali vililipiza kisasi kwa vijiji vya jirani, na kiwanda cha siagi kilikuwa shabaha iliyo wazi. Ukichoma nyumba unamwumiza mtu mmoja. Ukichoma kiwanda, mamia ya wakulima huamka asubuhi na maziwa yasiyo na mahali pa kwenda. Mwisho wa Septemba 1920 vilichomwa viwanda vya Tubbercurry na Achonry, wilaya ya Sligo. Mwezi Novemba zamu ikawa ya kiwanda cha Ballymacelligott, kile kile kilichoshindwa kesi London. Viwanda vilivyoharibiwa au kuteketezwa vilizidi 40. Bungeni waziri aliyehusika alikana kwamba askari ndio waliofanya hivyo. Na fidia, kwa mujibu wa sheria ya wakati huo, ilitozwa kutokana na kodi za wenyeji wa wilaya, yaani waliochomewa ndio walioambiwa wachange.

Mkataba ulitiwa sahihi mwezi Desemba 1921, sehemu kubwa ya kisiwa ikajitawala, na wenyeji wakagawanyika na kupigana wao kwa wao. Plunkett alikuwa ameteuliwa kuwa seneta wa dola jipya. Mwezi Januari 1923 wapinzani wa mkataba waliiteketeza nyumba yake karibu na Dublin. Akahamia Uingereza, akafia huko mwaka 1932. Jumuiya aliyoiasisi iliendelea kuhudumia vyama vyake katika jengo la Merrion Square, mjini Dublin, ambalo marafiki wa ushirika walichanga fedha kumnunulia mwaka 1908.