Kutotoa na Kulea Vifaranga vya Bata Bukini Nyumbani

Leo tunazungumza na wafugaji wa Sokon I na wenzao wa pande zote za Mlima Meru kuhusu bata bukini, yule bata mkubwa wa shingo ndefu ambaye akiona mgeni hupiga kelele kushinda mbwa. Wengi mnapenda kumfuga. Taabu iko kwa vifaranga. Habari tunazozisikia ni zile zile: vilitoka vitano, vizuri kabisa, na wiki ya tatu kimebaki kimoja. Mwenye nyumba husema ni kideri, au ni jicho la jirani. Mara nyingi sababu ni kwamba vililelewa kama vifaranga vya kuku. Navyo si vya kuku.

Tuanze na mayai. Yaokote kila siku, yaweke penye kivuli na ubaridi kiasi, na kila siku yageuze. Usiyaoshe, maana ukiyaosha unaondoa utando unaozuia vijidudu kupenya ganda. Yakipita siku saba nguvu yake hupungua.

Jike la bukini likitaka kuatamia lenyewe, liache. Lakini wengi wenu hutumia kuku wa kienyeji. Si vibaya, mradi umpe mayai manne au matano tu, na usichanganye na yake, kwani vifaranga vyake vikitoka siku ya 21 atashuka navyo na kuacha mengine yapoe. Mayai ya bukini huchukua siku 28 hadi 31, mara nyingi 30. Tena ni makubwa mno, kuku hawezi kuyageuza sawasawa. Basi yageuze wewe, asubuhi na jioni, kuku akiwa ameshuka kula. Tia alama ya kalamu ya risasi upande mmoja usije ukasahau. Siku ya 10 mulika kila yai kwa tochi gizani. Lenye mishipa ya damu lina uhai. Lililo jeupe tupu liondoe. Tangu siku ya 15 nyunyizia maji ya vuguvugu kidogo kila siku, kwa sababu bukini mwenyewe angerudi kiotani na manyoya mabichi. Siku tatu za mwisho acha kuyageuza.

Sasa vimetoka. Jambo la kwanza ni baridi. Mji wa Arusha uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai hapa si miezi ya mchezo. Wiki ya kwanza kifaranga kinataka joto la nyuzi 32 hivi, kisha upunguze nyuzi tatu kila wiki. Huna kipimajoto? Vitazame vyenyewe. Vikirundikana na kulia, vina baridi. Vikikaa mbali na joto huku vikihema, limezidi. Chungu cha makaa yaliyofunikwa majivu chafaa, lakini pawe na tundu la hewa juu, maana hewa ya makaa huua vifaranga, na huua hata watu waliolala. Chini tandika maranda ya mbao au nyasi kavu. Gazeti huteleza, na miguu ya kifaranga hupanuka ikaharibika.

Jambo la pili ni maji, na hapa ndipo vingi hufia. Mtu akisikia neno bata, mara moja analeta beseni! Ndugu, kifaranga kilicho chini ya mama bukini hupata mafuta kutoka manyoya ya mama yake, kwa hiyo maji humteremka. Kilichototolewa na kuku hakina mafuta hayo. Kikiingia majini kinaloa kama pamba, kinapata baridi, na asubuhi unakikuta kimekauka mguu. Chukua dumu la mafuta la lita tano, toboa tundu pembeni la kuingiza kichwa tu. Maji yawe na kina cha kutosha kuzamisha mdomo mpaka tundu za pua, maana bata asipoosha pua huziba. Mwili ubaki nje. Kuogelea kungoje manyoya ya kweli yaote, na iwe mchana wa jua. Wale bata bukini wa porini mnaowaona Maziwa ya Momella wakiogelea na vitoto vyao wana mama zao, msiwaige.

Chakula. Chakula cha vifaranga vya kuku kinaweza kutumika, lakini chagua kisicho na dawa, na tena hakitoshi. Bukini anahitaji vitamini iitwayo niasini kupita kuku. Ikipungua, kiungo cha mguu huvimba, mguu hupinda, kifaranga hukaa chini na kusukumwa na wenzake mbali na chakula. Ongeza chachu ya pombe iliyokaushwa, kijiko kikubwa kimoja kwa kikombe cha chakula, na pumba za ngano. Ukiona kimoja kinachechemea, anza siku ile ile. Mguu uliokwisha pinda kabisa ni vigumu kunyooka.

Na ukungu, ndugu zangu. Yale mahindi yaliyonyeshewa, au mashudu yaliyovunda kwenye gunia, ambayo mtu husema "haya ni ya bata," ndiyo sumu yenyewe. Mwaka 1960 maelfu ya bata mzinga walikufa Uingereza kwa mashudu ya karanga yenye kuvu, na hapa jirani Kenya vifaranga vya bata vilikufa kwa sababu hiyo hiyo. Ndivyo sumukuvu ilivyojulikana. Kwetu Tanzania, mwaka 2016, iliua watu Dodoma na Manyara. Kifaranga cha bata huathirika upesi kuliko kuku. Chakula chenye harufu ya uvundo kichome au ukifukie. Kuosha na kuanika hakuondoi sumu.

Tangu siku za kwanza vipe majani mabichi laini yaliyokatwa vipande vifupi, mchicha au nyasi changa zisizopuliziwa dawa, pamoja na mchanga kidogo wa kusagia tumboni. Marefu huziba koo. Baada ya wiki ya tatu punguza chakula cha dukani, majani yazidi. Ukiendelea kushindilia chakula chenye nguvu, bawa hukua haraka kuliko mfupa wake na kugeukia nje. Ukiliona mapema, lifunge kwa kitambaa laini siku chache, lirudi mahali pake.

Wenye viwanja vidogo, zungumzeni na majirani kabla bata hawajakua. Kelele zake zinafika mbali.