Mpe Mwanao Mchana

Neno letu la leo latoka katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 25, mstari wa 5 na wa 6. Hapo twasoma habari za Ibrahimu katika uzee wake. Mali yake alimwachia Isaka, lakini wana wa masuria hakuwaacha mikono mitupu. Aliwapa zawadi yeye mwenyewe, angali hai. Kila mmoja alijua amepewa nini, na amepewa na nani.

Wazazi wengi hujiuliza: Je, nikimpa mwanangu fedha, Serikali itamtoza kodi ya urithi nitakapokufa? Ndugu yangu, usihofu. Zamani hapa Kenya mali ya marehemu ilitozwa kodi, lakini kodi hiyo iliondolewa mwaka 1982. Uingereza bado wanayo, na huko fedha alizogawa mtu katika miaka 7 kabla ya kufa zaweza kuhesabiwa. Kwetu sivyo.

Basi mzazi husema moyoni, "Kama Serikali haihesabu, ya nini kuandika?" Hapo ndipo tunapokosea.

Fikirini baba mmoja aliyefiwa na mkewe, mwenye wana watatu. Usiku anamwita kifungua mimba, anampa shilingi 300,000 anunue matatu, na kumwambia, "Wadogo wako wasijue." Baada ya miaka michache mzee anafariki bila wasia. Ameacha mali ya shilingi 600,000.

Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, yasema katika kifungu cha 42 kwamba mali aliyopewa mtoto na mzazi aliye hai hutiwa katika hesabu wakati wa kugawa. Basi jumla ni shilingi 900,000, na fungu la kila mtoto ni 300,000. Mkubwa amekwisha kupata lake. Zilizobaki ni za wadogo zake wawili.

Lakini nani atathibitisha? Hakuna karatasi wala shahidi. Mkubwa asema, "Baba hakunipa kitu." Wadogo wanaiona matatu ikipita kila siku. Wanakwenda kortini. Krismasi yafika, na watoto wa baba mmoja hawali meza moja.

Mpendwa, kosa halikuwa kumpa mtoto. Pengine alikuwa na shida kuliko wengine. Kosa lilikuwa giza. Ukitaka kumsaidia mmoja, waite wote. Taja kiasi na sababu. Andikeni tarehe, mtie sahihi mbele ya mashahidi. Na kama hutaki fedha hizo zihesabiwe katika fungu lake, andika wasia useme hivyo.

Nawe mwana uliyepewa kwa siri, usingoje korti ikuulize. Nenda ukawaambie ndugu zako leo.

Someni tena mstari wa 9. Isaka na Ishmaeli, waliokuwa wametenganishwa tangu utoto, walimzika baba yao pamoja katika pango la Makpela. Je, watoto wako watasimama pamoja kaburini pako?

Na tuombe. Ee Baba yetu, wewe watupa sote mbele ya macho ya wote. Tufundishe kuwapa watoto wetu katika nuru, ili mali tutakayoacha isiwatenge. Kwa jina la Yesu. Amina.