Nyumba Karibu na Kazi: Mazungumzo Kuhusu Mafuta kwa Wakazi wa Kamere



Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA hutangaza bei ya mafuta. Septemba 2023 lita ya petroli jijini Nairobi ilifika shilingi 211.64. Asiye na gari husikiliza pia, maana nauli, unga na nyanya za mama mboga vyote hufika Kamere kwa gari.

Lakini bei ya mafuta huamua jambo jingine lisilosemwa sana: mtu anakaa umbali gani na kazi yake.

Marekani ni mfano mzuri. Kuanzia mwaka 1947, mashamba ya viazi nje ya New York yaligeuzwa kuwa mtaa wa Levittown, maelfu ya nyumba, kila moja na uwanja wake. Mwaka 1956 ikapitishwa sheria ya kujenga barabara kuu nchi nzima. Hadi leo kodi ya serikali kuu yao kwa galoni ya petroli, karibu lita 4, ni senti 18.4 za dola, na haijapanda tangu 1993. Kwa hiyo mfanyakazi hulala kilomita 40 kutoka kazini bila kuona shida. Shida huja gari likiharibika, kwa sababu hata duka la mkate liko mbali.

Uholanzi, wanakonunua maua ya Naivasha, walishtuka mapema. Waarabu walipowanyima mafuta mwaka 1973, magari yalipigwa marufuku barabarani siku za Jumapili. Mafuta yao hutozwa kodi kubwa, na wengi huenda kazini kwa baiskeli.

Kenya nayo iliumizwa na bei za miaka hiyo, ndipo mvuke wa Olkaria ukatafutwa kwa bidii. Mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ulianza kuzalisha umeme mwaka 1981. Mvuke huo uko jirani kabisa na Kamere, ila matatu bado inakunywa dizeli.

Kamere haikuwahi kuona mafuta rahisi. Vyumba vimebanana karibu na mashamba ya maua kwa sababu kutembea hakuna nauli. Anayelipia chumba kimoja cha mabati na kupanga foleni ya bafu anailipa petroli kwa njia nyingine.

Mwaka 2020 ziwa lilipanda, likafunika nyumba za Kihoto na sehemu nyingine za ufuo. Tangu hapo wengi wanatafuta ploti juu zaidi, na ploti ya bei nafuu huwa mbali. Mnunuzi afanye hesabu kabla ya kulipa. Ikiwa nauli ni shilingi 50 kwenda na 50 kurudi, siku 26 za kazi ni shilingi 2,600 kila mwezi. Hapo watoto wa shule hawajahesabiwa.

Mpango wa maendeleo wa kila mwaka hufikishwa kwa bunge la kaunti kabla ya Septemba mosi, na maoni ya wananchi hupokelewa. Njia ya miguu na baiskeli yenye taa kando ya Barabara ya Moi South Lake inafaa kuombwa. Atakayesimama kuiomba aje na kipimo: kutoka lango la shamba hadi ploti mpya ni dakika ngapi kwa miguu, na anayetoka zamu ya usiku hupita wapi.